Moto Usioshukuriwa

Asubuhi ile ilikuwa haijaamua kama ije au irudi ilikotoka. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mji wetu tangu wakati ambao hakuna anayeukumbuka sawasawa. Wengine husema ni tangu jana, wengine husema walizaliwa humo, na ukiwasikiliza wote utaona kila mmoja ana hoja. Kengele ya kanisa, ambayo ni rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mkaratusi, iliita ibada ya Krismasi, kisha ikaita mazishi, kisha ikawaita watoto wa kipaimara ambao baadhi yao wana wajukuu. Tumezoea. Kwetu saa ni kitu cha kusikiliza tu, hakuna anayeifuata.

Niliweka mkono juu ya mafiga, nikakuta yamepoa.

Nikachokoa majivu kwa kijiti. Sisi hatuzimi moto, tunaulaza. Mke wangu huyafukia makaa chini ya majivu kama mtu anayemfunika mtoto, na tukiamka tunayafunua yakiwa hai. Siku hiyo nilichokoa mpaka nikafika kwenye udongo, na chini ya majivu kulikuwa na majivu mengine.

Mke wangu, Tusekile, alikuwa amelala amejikunja, uso ukutani. Nikamshika nyayo. Zilikuwa kama mtungi uliolala nje. Ugonjwa huo tunaujua wote. Baridi huanzia kwenye nyayo na kupanda. Ikifika magotini mtu husema maneno machache. Ikifika kiunoni hasemi tena. Ikifika kifuani ndugu huanza kutafuta shuka nyeupe. Dawa yake ni moto karibu na mwili, na uji wa moto ndani ya mwili, basi. Hakuna aliyewahi kugundua nyingine. Kwa mke wangu ilikuwa imefika magotini.

"Mama Lusajo," nikamwita, "moto umezimika."

"Najua, baba."

"Umezimikaje?"

Akavuta blanketi, akasema, "Nenda kaombe."

Nikabaki nimesimama nalo, neno hilo. Kaombe. Msomaji usinihukumu kabla hujajua mimi ni mtu wa namna gani. Mimi nilizikuta herufi nikiwa na ndevu tayari. Mchana nililima, jioni nilikaa kwenye dawati la watoto, magoti yakigusa kidevu, nikaandika a na e mpaka zikakubali kusimama. Sikusaidiwa na mtu. Nyumba hii niliiinua mwenyewe, miti ile niliipanda mwenyewe, na ua wa matete unaozunguka kiwanja changu niliufunga kwa mikono hii, fundo kwa fundo. Hata sala zangu zilikuwa ripoti. Ee Mungu, hili nimelikamilisha, lile limebaki kidogo, nitalileta. Nilikuwa nikimwarifu Mungu habari za maendeleo yangu, kisha ninasema amina na kuvaa viatu. Sikumbuki kama niliwahi kumwomba kitu. Nilidhani anafurahi kupata angalau mtu mmoja asiyemsumbua.

Kwa hiyo kwanza nilijaribu mwenyewe. Nilikuwa na kiberiti ndani ya koti, lakini kiberiti katika ukungu wetu ni kama mahindi mabichi: kila kichwa nilichokwaruza kilipondeka na kubaki kidoleni. Nikatoa miwani, nikaielekeza juu kama nilivyosoma kitabuni, ningoje mwanga wa jua ujikusanye kwenye kioo. Jua halikuwapo. Kitabu hakikusema mtu afanye nini akikosa jua. Kilidhani kila mtu analo.

Nikarudi kumgusa mke wangu. Baridi ilikuwa juu ya magoti.

Nikachukua kigae cha chungu.

Lazima nieleze desturi yetu ya moto, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Katika mji wetu hakuna anayewasha moto. Moto huombwa. Aliyezimikiwa huenda na kigae mkononi, husimama mlangoni kwa mwenzake na kusema, "Kwangu kumezimika." Haongezi neno. Akikaribishwa hupiga magoti mbele ya mafiga, awe mwanamke au mwanamume, awe mchungaji wa kanisa, na hulipuliza kaa yeye mwenyewe mpaka liwe jekundu. Hulichota pamoja na majivu kidogo, husimama, hugeuza mgongo, huenda zake. Halipi. Haahidi kitu. Hasemi asante. Bibi zetu walituambia sababu. Moto huu ulishuka wenyewe, zamani, ukawakuta watu wamejifungia chumbani kwa hofu, ukakaa juu ya kila mmoja bila kuuliza nani anastahili. Hakuna miongoni mwetu aliyeuwasha, basi hakuna mwenye haki ya kulipwa wala kushukuriwa kwa ajili yake. Na atakayeulipia atauzima, kwenye kigae chake na kwenye mafiga alikoutoa.

Niliijua desturi hiyo kama nijuavyo jina langu, na nilikuwa nimeiweka kwenye kundi la mambo ya watu ambao hawakusoma. Adabu ni kushukuru. Ustaarabu ni kurudisha. Mtu anayepokea na kugeuza mgongo, nilijiambia, ana tofauti gani na mbuzi? Nikajaza viazi kwenye mifuko ya koti, viazi vizuri, nilivyovilima mwenyewe, nikatoka.

Katika ukungu wetu humwoni mtu mpaka awe karibu kukugusa. Tunatambuana kwa sauti na kwa vishindo. Nyumba yenye moto utaijua kwa harufu, na pua yangu ikanipeleka kwa Bi Subilaga, mjane anayeimba sauti ya pili kwenye kwaya.

"Nani huyo?" akauliza kutoka ndani. "Ni Mwakyoma?"

"Mwakyoma ni marehemu baba yangu, mama. Mimi ni Ambilikile."

"Mnafanana kwa miguu. Nyote mnakanyaga kama ardhi imewakosea."

"Mimi ni Ambilikile," nikaendelea, "mzee wa kanisa, mwenye nyumba ya bati la kijani, niliyesoma shule ya jioni mpaka nikapata cheti."

"Baba, mimi niliuliza nani. Sikuuliza yote hayo. Umezimikiwa?"

Nikasema maneno yanayopaswa. Yalitoka kwa shida, kama mtu anayevua kiatu kinachombana mbele za watu. Akanikaribisha jikoni. Sikupiga magoti, nilichuchumaa, kwa ajili ya suruali. Nikapuliza. Kaa likawa jekundu, nikalichota, nikasimama. Na nilipofika mlangoni mdomo ukanitangulia.

"Asante sana, mama."

Mwiko wa Bi Subilaga ukasimama ndani ya sufuria.

"Umesema nini?"

"Nimekohoa tu."

Hapo mlangoni palikuwa na kinu. Nilipokuwa nikipita nikavitia viazi vyote ndani yake, polepole, visigonge.

Nakumbuka nilivyojisikia baada ya hapo. Nilikuwa mwepesi. Tumemalizana, nilijiambia, sina kitu cha mtu. Na ndani ya wepesi ule nilihisi pia nimepungukiwa na mtu fulani, kana kwamba nimetoka kwenye nyumba na kuufunga mlango kwa nje. Nikatazama kigae. Kaa lilikuwa linafumba jicho. Nikalipuliza, likafumba zaidi. Nikalikinga kwa koti, nikalisemesha, nikaliita, hata nikaliambia habari za mke wangu. Likawa jiwe jeusi.

Nikarudi. Bi Subilaga alikuwa nje ya mlango wake, koleo mkononi, na nyuma yake ule moshi wa mwisho, mwembamba, unaotoka pale ambapo hakuna tena kinachoungua.

"Mzee Ambilikile," akasema, "umeacha nini kwangu?"

Nikakitazama kigae.

"Kwenye kinu. Umeacha nini?"

"Viazi, mama."

"Viazi." Alilitaja neno hilo kwa upole, kama anayelisoma kwenye jiwe la kaburi. "Nilipokea moto huu kwa shangazi yangu nikiwa binti. Haujawahi kulala bila mimi. Umenifia sasa hivi, sufuria ikiwa juu, kwa ajili ya viazi."

"Nilidhani ni adabu."

"Adabu ya nani? Wewe ulitaka usiwe umepewa. Ulitaka uwe umenunua." Akalitupa koleo. "Viazi vyako viko kule vilikobingirika nilipokipiga teke kinu. Vitaota. Haya, nani mgonjwa? Maana mtu kama wewe hatoki nyumbani kwa ajili ya chai."

"Mke wangu. Baridi imepita magoti."

Hakusema neno jingine la viazi. Alichukua khanga yake nzito, akapita mbele yangu, na tukaingia kwenye ukungu. Nilimsikia akinung'unika wimbo wa kwaya, sauti ile ya pili, ambayo ukiisikia peke yake hujui ni wimbo gani. Njiani nilifikiri juu ya hilo. Labda kila mmoja wetu amepewa sauti ya pili tu, nikafikiri, na tunazeeka tukiilaumu kwamba haina maana. Kengele ikaita Pasaka. Mahali fulani mkono wa kulia nilisikia watu wazima wakisoma kwa pamoja, a, e, i, na moja ya sauti zile ilikuwa yangu, bado kijana, bado na njaa ya kuonekana. Nilitaka kuiita. Sikujua niiambie nini.

Nyumbani tulimkuta Tusekile macho yako wazi, midomo imefungwa. Nilipomwita hakujibu. Nilipomgusa, ilikuwa kiunoni.

Bi Subilaga hakuuliza ruhusa. Alipanda kitandani, akailalia miguu ya mke wangu kwa tumbo lake, akaikumbatia kama mtu anayekumbatia mzigo asiotaka kuuweka chini.

"Nitaichelewesha," akasema. "Kuizuia siwezi. Nenda."

"Kwa nani? Harufu ya moshi siisikii tena, ila ile ya ng'ambo ya ua."

"Hapo jirani."

Nilijua anamsema nani. Asegelile anakaa upande wa pili wa ua wangu wa matete. Tulianza shule ya jioni siku moja. Yeye alilala juu ya dawati, akaamshwa, akacheka, hakurudi tena. Hunywa. Hulima akikumbuka. Ua ule niliujenga nikiwa namfikiria yeye, ingawa nikiulizwa nilisema ni kwa ajili ya kuku. Kwa muda wote ambao mji huu umekuwa ndani ya ukungu sijawahi kumwomba Asegelile kitu chochote, na nilikuwa nimepanga kufa nikiwa na rekodi hiyo.

"Mzee," akasema Bi Subilaga kutoka pale kitandani, "mimi sina moto wala nguvu ya kubishana. Huyu ninayemshika anaendelea kupoa."

Nikaenda. Nilizunguka ua mzima kwa nje, nikiupapasa kwa mkono, na ulikuwa mrefu kuliko nilivyoujenga. Niliyahesabu mafundo yangu kwa vidole mpaka hesabu ikanipotea. Kuna mahali nilidhani nimesharudi kwangu. Kuna mahali nilidhani nimo ndani na mji mzima uko nje. Hapo ndipo swali lilinijia, na halijaniacha mpaka ninapoandika: mtu ni nini, ukimwondolea vyote alivyojipatia? Ondoa cheti. Ondoa bati la kijani. Ondoa uzee wa kanisa, ondoa viazi. Anabaki nani hapo, mkononi ana kigae?

Nikagonga.

"Nani?"

Nikafungua mdomo nitaje jina langu, nikakuta halipo. Sikuwa nimelisahau. Nililitafuta mahali pake nikapakuta patupu, safi, kama pamefagiliwa. Nikatafuta la baba yangu, nalo halikuwapo. Nilikuwa na maneno mawili tu.

"Kwangu kumezimika."

"Kwako wapi?" Kisha akacheka, na kwa kile kicheko nikajua ameshanitambua. "Ahaa. Ingia, mwalimu wa nafsi yako. Umepitia wapi? Umezunguka ua wote ule?"

"Ndiyo."

"Pole. Sisi wengine hupita kwenye tundu."

"Tundu gani?"

"Lile nyuma ya mnyaa. Lipo tangu mwaka ulipoujenga. Mkeo ndiye aliyelikata. Hujui?"

Niliingia. Moto wake ulikuwa mzuri, ulijaa mafiga, na kando yake alilala mama yake mzazi, mwanamke mzee sana, mashavu yana rangi. Asegelile alikuwa akichoma hindi. Akanisogezea kigoda. Sikukaa.

"Baridi ilikuwa imeshamfika mama kifuani," akasema, akiligeuza hindi. "Nilikuja kwako alfajiri. Wewe ulikuwa unakoroma, na nisingekuamsha hata kwa fimbo. Mkeo akafunua majivu. Makaa yalikuwa machache, shemeji. Ukiyagawa, yanakufa huku na kule. Akayatazama, akanipa yote."

"Yote?"

"Yote. Nikamwambia, dada, na nyinyi je? Akasema, mume wangu akiamka atakwenda kuomba. Nikamwambia, mumeo yupi? Huyu ninayemjua mimi hajawahi kuomba hata njia apishwe. Akacheka. Akasema, ataomba."

Hasira iliniingia, na sitaificha. Ilikuwa hasira yenye hoja, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Mke wangu anakufa kwa baridi, na moto wa nyumba yangu unachoma hindi la mlevi.

"Basi moto huu ni wangu," nikasema. "Nirudishie."

Ndimi za moto zikalala. Hakuna aliyezipuliza wala kuzimwagia maji. Zililala zenyewe, kama mbwa aliyesikia sauti asiyoipenda. Jiko likawa na kivuli. Mama mzee akaguna na kuivuta miguu yake. Asegelile aliacha kucheka. Alikuwa akinitazama usoni, na nikaona kwamba ananiogopa, mtu mwenye moto ananiogopa mimi mwenye kigae, kwa sababu neno langu moja lingeweza kumuua mama yake.

Wangu.

Nililitazama neno lile, likiwa bado limetundikwa hewani. Ni neno nililolijua kuliko yote. Kumbe lilikuwa lile lile la viazi, limevaa koti jingine. Kulipa ni kusema hukunipa. Kudai ni kusema hukunipa. Na mimi nilikuwa nimeishi kati ya hayo mawili kama mtu anayetembea kati ya kuta mbili akijisifu kwamba haanguki.

Moto wangu, niliupata wapi? Tusekile aliuleta siku ya arusi yetu, kwenye kigae. Alikuwa ameuomba kwa mama yangu. Na mama? Hapo ukungu ukaingia mle jikoni, mweupe, na ndani yake nikawaona. Mama yangu amepiga magoti anapuliza. Mbele yake mwanamke mwingine, amepiga magoti anapuliza. Mbele yake mwingine, mwingine, na wanaume pia, na wenye kanzu za kanisa, na watu wa mavazi nisiyoyajua, wote wameinamia kaa moja moja, na hapakuwa na aliyesimama. Mstari ule ulikwenda mbali mpaka chumba kile chenye mlango uliofungwa kwa hofu. Na hata hapo haukuishia. Mbele ya chumba, kabla yake kidogo, palikuwa na ufuko wa ziwa, kumekucha. Mtu mmoja mwenye makovu mikononi amechuchumaa mchangani, anachochea makaa, samaki juu yake, anawangojea rafiki zake waliomkimbia. Walikuwa bado majini, wamelowa, wana aibu, wanatafuta maneno ya kuanzia. Moto ulikuwa umeshawaka kabla hawajafika.

Nimeusikia wimbo wa neema tangu utotoni. Nimesimama kanisani nikausoma kwa sauti, bila kukosea silabi. Nilikuwa nikidhani ni habari ya watu wengine, wale walioshindwa kujipatia.

Nikapiga magoti. Magoti yangu hayakuwa na mazoea, yalilia yote mawili. Suruali ikaingia majivuni.

"Kwangu kumezimika," nikasema tena, sasa nikiuambia moto.

"Puliza polepole," Asegelile akasema kwa sauti ya chini. "Pumzi ndefu. Hivyo unavyofanya unazima mshumaa."

Nikapuliza pumzi ndefu. Ndimi zikainuka, moja baada ya nyingine, na mama mzee akanyoosha miguu. Kaa likawa jekundu mpaka ndani. Nikalichota pamoja na majivu, nikasimama, na lile neno asante likanijaa mdomoni, la moto, likitaka kutoka. Hujui uzito wa neno hilo mpaka ulizuie. Nikalimeza. Kugeuza mgongo ndiyo kazi iliyobaki, na kwa mtu kama mimi ilikuwa kubwa kuliko kupiga magoti. Anayepiga magoti bado anaonekana uso. Nikageuka.

"Pita kwenye tundu," akasema nyuma yangu. "Ni karibu."

Tundu lilikuwa nyuma ya mnyaa, kama alivyosema, limelainishwa pembeni kwa kupitwa na mabega ya watu wengi. Halikuwa la mtu aliyesimama. Nilikitanguliza kigae, nikaingia kwa magoti na kiwiko, mtu mzima, mzee wa kanisa, nikiufuata mwanga mdogo kupita ndani ya ua wangu mwenyewe. Matete yakanivua kofia. Sikuirudia.

"Imefika mbavuni," Bi Subilaga akasema niliposikika mlangoni. "Washa."

Kuni zilikuwa zimelowa. Nikatoka tena, nikang'oa matete ya ua, yale ya katikati ambayo ukungu haujayafikia. Yakashika mara moja. Yalivyokuwa makavu. Nilikuwa nimejenga kuni miaka yote ile. Tukamsogeza Tusekile, tukamzungushia joto, na Bi Subilaga akamsugua mgongo kwa viganja mpaka vikawa vyekundu.

"Inashuka," akasema. Akasubiri, akagusa tena. "Imeshuka."

Kisha akashuka kitandani, akaokota kipande kingine cha kigae, akapiga magoti mbele ya mafiga yangu bila kusema chochote kuhusu viazi. Akapuliza, akachota, akanigeuzia mgongo, akatoka. Nilisikia vishindo vyake mpaka vikaisha.

Nikapika uji. Sikuwahi kupika uji. Kitabu cha mapishi sikuwa nacho, na nilifanya kama nilivyowahi kuona kwa pembe ya jicho. Ulikuwa na madonge, na chini uliungua kidogo. Nikaumimina kwenye kikombe cha bati, nikaupoza kwa pumzi ndefu, nikamwinua mke wangu kichwa.

Akanywa. Alipofika kwenye donge alilitafuna. Nilimtazama kila funda likishuka, na rangi ikirudi shingoni, kisha masikioni, kisha jasho dogo juu ya mdomo. Nilijua anakwenda kusema kitu. Nilikuwa nikikingoja, hata baada ya yote yale, nilikuwa nimeshika kikombe na kungoja, kama mtu anayengoja cheti.

Tusekile akalamba midomo, akanitia kikombe kitupu mkononi, akageukia ukutani akalala. Hakusema neno.

Nikabaki nimekishika. Nje kengele ilikuwa ikiita, sikujua ni ibada gani.

Kikombe kilikuwa bado cha moto.